Bugzilla: kinga imara, ila chunga viambatisho

Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu wa Mozilla uliotolewa 1998, una kinga nzuri dhidi ya skripti za kupenyezwa, yaani msimbo hasidi unaoingizwa kwenye kurasa. Data zinazoonyeshwa kwenye violezo (faili zinazounda kurasa zake) hupitishwa kwenye kichujio, na majaribio ya mfumo huibua palipoachwa bila kichujio.

Penye hatari kubwa ni viambatisho. Mtu akipakia faili la HTML lenye skripti, nalo likafunguka kwenye kikoa (anwani ya tovuti) kilekile cha mfumo, skripti hiyo hutenda kwa mamlaka ya aliyelifungua. Aliyelifungua akiwa msimamizi, mshambuliaji anaweza hata kujipa ruhusa asizostahili. Ndiyo maana allow_attachment_display, mpangilio unaoruhusu viambatisho kufunguka kwenye kivinjari, huja imezimwa. Usiiwashe kabla ya kujaza attachment_base, mpangilio wa anwani ya viambatisho, kwa kikoa kingine kabisa. Ukiweka %bugid% (namba ya hitilafu) humo, kila hitilafu hupata kikoa chake kidogo. Ni salama zaidi, ingawa utahitaji cheti cha TLS (cha mawasiliano salama ya https) kinachokubali vikoa vidogo vyote.

Ukitengeneza violezo vyako, uangalizi ni juu yako. FILTER html, kichujio cha maandishi ya HTML, haitoshi ndani ya JavaScript. Hapo tumia FILTER js. Kosa hili ni rahisi mno kulifanya, na ukurasa utaonekana mzima kabisa.