Pikipiki Imeanguka Ikiwa Imeegeshwa: Liva ya Dukani au ya Fundi?

Habari zenu wadau, karibuni. Mezani leo kuna liva tatu za klachi. Hii ya kushoto ni ya kampuni, ya katikati ni ile ya bei ndogo iliyojaa madukani, na hii ya kulia imechongwa na fundi kutoka kwenye bamba la alumini. Zote ni za Boxer BM150. Nimezileta pamoja kwa sababu stendi ya pembeni ikizama kwenye udongo, pikipiki inalalia kushoto, na liva ya klachi ndiyo inayotangulia kufika chini. Ikigongwa na gari linalorudi nyuma inaweza kulalia kulia, hapo inaumia liva ya breki, na hiyo ina masharti yake, tutayafikia.

Kwanza pikipiki yenyewe. Kama kuna aliyeigonga, piga picha kabla hujainua: namba za gari, sehemu zilizogusana, na mahali stendi ilipokuwa. Funga koki ya mafuta, inua, iache wima kama dakika 10 ili oili irudi chini, kisha angalia kiwango chake. Ukipiga kiki ukaikuta ngumu kuliko kawaida, usilazimishe. Fungua plagi, huenda mafuta au oili imeingia kwenye silinda, na ukiikandamiza hivyo unaweza kupinda koneksheni rodi, yaani mkono unaoshika pistoni. Halafu simama mbele ya tairi. Ukiona usukani umeelekea upande mmoja na tairi upande mwingine, usikimbilie kununua fok, yaani ile miguu miwili ya mbele inayoshika tairi. Mara nyingi fok zimejizungusha tu kwenye vibano vyake. Legeza bolti za vibano na nati ya ekseli ya mbele, bana tairi katikati ya magoti, vuta usukani mpaka unyooke, kaza tena.

Sasa tuje kwenye liva. Sogea uone hapa ilipovunjika hii ya bei ndogo. Ndani kuna chembe kubwa za kijivu na vitundu kama vya mkate. Hivyo ni viputo vya hewa vilivyobaki wakati alumini ikimiminwa, na ndipo ufa ulipoanzia. Ya kampuni, mahali pa kuvunjikia pamejifunga, chembe ni ndogo na zinalingana. Dukani huwezi kuvunja ili ukague, kwa hiyo angalia tundu la bolti: lisiwe la yai, na liva isicheze juu chini ukiipachika. Ikicheza ikiwa mpya, baada ya muda itakula na kibano chenyewe kinachoishika kwenye usukani.

Ya fundi imenishangaza kwa uzuri. Imekatwa, ikapigwa tupa, kingo zimelainishwa, ncha imeachwa ya mviringo. Hiyo ncha si pambo, inazuia liva isichome mkono au mguu wa mtu ukianguka nayo. Lakini uzuri wa macho hautoshi. Kipimo kinachoamua kila kitu ni umbali kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya tundu la kichwa cha waya. Chukua mfano wa umbali wa 30 mm. Fundi akikosea ukawa 27, umepoteza sehemu moja ya kumi ya mvuto wa waya. Klachi haitaachia yote: gia zitalia zikiingia, nyutro itasumbua ukiwa umesimama. Akizidisha, klachi inaachia vizuri lakini mkono unachoka kwenye foleni. Mpelekee fundi liva ya zamani hata kama imekatika vipande viwili, apime kwa venia, kile kipimo cha taya kinachosoma hadi sehemu ndogo za milimita. Akipima kwa rula, tafuta fundi mwingine. Tundu la kichwa cha waya nalo lipigwe tupa na kutiwa grisi, kichwa kizunguke humo kwa uhuru, la sivyo waya utakuwa unapinda mahali pamoja kila ukibana, mpaka nyuzi zianze kukatika moja moja.

Wapo wanaoagiza liva ya bamba la chuma ili isivunjike kabisa. Siwashauri. Liva inatakiwa iwe ndiyo dhaifu pale. Ikikataa kuvunjika, kinachovunjika ni kibano, au usukani unapinda, na gharama inapanda.

Je, iliyopinda inyooshwe? Ya klachi, kwa dharura, ndiyo. Usiinyooshe ikiwa baridi, itapasuka. Ipake sabuni ya mche, ipashe moto taratibu kwa mbali, sabuni ikianza kuwa kahawia nzito ondoa moto, kisha pinda kidogo kidogo. Usisubiri iwe nyekundu. Alumini safi inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, hizi za liva huyeyuka hata mapema zaidi, na hazikupi dalili ya rangi kama chuma. Hiyo ni ya kukufikisha dukani tu.

Liva ya breki nunua, tena iliyo nzima. Kwenye breki ya diski, sehemu ya liva inayosukuma pistoni ya masta silinda, yaani pampu ya breki iliyo kwenye usukani, ikizidi urefu kidogo tu, pistoni hairudi mwisho wake, kitundu cha kurudishia mafuta ya breki kinabaki kimezibwa. Breki inashika yenyewe, inapata moto, mafuta yanatanuka, inashika zaidi mpaka tairi linafunga. Kwenye breki ya dramu hatari ni waya kuchomoka au liva kukatika ukiwa mteremkoni. Hapo sina mjadala na mtu.

Fundi mpe kazi za chuma. Pedeli ya gia iliyopinda anainyoosha vizuri sana, ila itolewe kwanza. Ukiipiga nyundo ikiwa kwenye pikipiki, unapinda shafti ya gia na oili sili inaanza kuvuja. Fungua bolti yake, nyingi ni spana ya 10, chora alama ya mahali ilipokaa kwenye meno, ibane kwenye jiliwa, ipashwe iwe nyekundu, inyooshwe, ipoe yenyewe kwa hewa. Usiitumbukize kwenye maji.

Na kifaa ninachokipa alama za juu kuliko vyote ni hiki: kipande cha bamba la chuma, 60 kwa 60 mm, unene 4 mm, kinachochomelewa chini ya mguu wa stendi ili usizame. Pembe zake zizungushwe zisikwaruze lami ukikunja kona kali. Kabla ya kuchomelea, toa stendi yote, springi isipate moto na umeme wa mashine usipite kwenye fremu ukaua CDI, kile kifaa kinachopeleka umeme wa kuwashia plagi. Ikipachikwa, angalia mlalo: bamba linaongeza 4 mm kwenye urefu wa stendi, na kama fundi amerundika chuma juu ya hapo, pikipiki itasimama wima mno na itaangukia kulia hata ikiguswa kidogo. Ikiwa hivyo, isagwe kwa grenda mpaka ilale kama zamani.