Sanduku la kufungia hei: misimu miwili nikilitumia

Ng'ombe wangu wawili wako kihambani, shamba la nyumbani huku juu kwenye migomba. Majani yako shamba la chini. Wafugaji wa Hai, Kilimanjaro, mnaijua safari hiyo. Pikapu ya majani yaliyorushwa tu inaonekana imejaa pomoni, ukifika nyumbani ng'ombe wanaimaliza siku tatu. Ndipo nikatengenezesha sanduku la kufungia hei, yaani majani ya mifugo yaliyokaushwa.

Ni mbao tu, halina kitako wala kifuniko: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Unatandika kamba mbili, unajaza majani, unaingia kukanyaga, unaongeza, unakanyaga tena mpaka yagome. Unafunga, unatoa robota. Langu likishindiliwa vizuri linagonga kilo 18 hadi 20 kwenye mizani. Mabua ya mahindi ni mabishi, yakatekate kwanza.

Fundi alinigongomelea pande zote nne. Robota la kwanza likaingia, kutoka likakataa, tukang'oa ubao. Upande mmoja uwe mlango wa bawaba, fundi hatakukumbusha. Kamba nazo nilianza na za nailoni kwa kuwa ni rahisi, hadi nilipomkuta ndama akitafuna kipande horini. Sasa natumia katani.

Ila hasara kubwa niliileta mwenyewe. Msimu wa kwanza nilifyeka Rhodes, nyasi ya malisho, ikiwa nusu imechanua, wakati wake hasa, nikaianika siku moja na nusu. Nikaona wingu mlimani, nikaingiwa na woga, nikafunga. Wiki moja baadaye nikaingiza mkono katikati ya robota: joto kama ugali uliofunikwa. Kulifungua, vumbi jeupe likanipanda puani. Ng'ombe walinusa, wakageuza shingo. Marobota 11 yakaenda kwenye samadi, na nashukuru yaliishia hapo, maana hei mbichi ikijipasha sana huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti.

Siku hizi naanika siku tatu, nageuza asubuhi na mchana, kisha nasokota kishungi mkononi. Kikikatika kikavu, bila kuacha unyevu kiganjani, nafunga. Kila kitu nafanyia huko huko chini. Huku juu ukungu wa asubuhi unakuzalia ukungu wa pili ndani ya robota. Stoo yangu ni chanja ya miti chini ya bati, marobota yasiguse udongo wala ukuta. Kuku wameigeuza kiota, sijapata dawa yao.

Mwaka huu nimepandisha marobota 70 kwa safari mbili. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo robota bila nyongeza ni siku moja na nusu. Mimi nachanganya na migomba, yanasogea. Februari imeingia na bado ninayo tisa. Mwenye eka tano akodi mashine ya trekta. Kwa nusu eka yangu, sanduku linatosha, na jirani ameshaliazima mara mbili.