Kikokotoo cha kisayansi katika somo la pembe zinazoishia pamoja

Mwanafunzi anayeanza trigonometria, yaani hesabu za pembe na pande za pembetatu, hukimbilia kwanza kikokotoo cha kisayansi, kile cha kawaida chenye vitufe vya sini, kosini na tanjenti. Nimekipima kwa jambo moja tu, nalo ni jinsi kinavyomsaidia kuelewa pembe zinazoishia pamoja, yaani zile ambazo, zikianzia kwenye mstari mmoja, mkono wake wa mwisho hutua mahali palepale ingawa idadi ya mizunguko hutofautiana.

Katika kuthibitisha, kinafanya kazi nzuri sana. Ukitafuta sini, yaani kimo cha ncha ya mkono kwenye duara lenye nusu kipenyo 1, ya nyuzi 30, kisha ya 390, ya 750 na hata ya hasi 330, jibu ni 0.5 kila mara, na mwanafunzi anajionea kwamba kuongeza au kupunguza 360 hakubadili kitu. Lakini sini ya 150 nayo ni 0.5, na hapo kikokotoo hunyamaza, kwani hakimwambii kwamba mkono wa 150 umelala upande wa pili wa mhimili wa wima, kwa kimo kilekile. Anayedhani kuwa majibu yakilingana basi pembe zimeishia pamoja atapotoka, isipokuwa akijaribu pia kosini, yaani umbali wa ncha hiyo kulia au kushoto, ambayo ni chanya kwa 30 na hasi kwa 150.

Kasoro iliyonisumbua zaidi iko kwenye kitufe cha sini kinyume, kile kinachopokea sini na kurudisha pembe. Ukiingiza 0.5 unapewa 30 peke yake, kwa sababu kitufe hicho kimeundwa kutoa pembe zilizo kati ya hasi 90 na 90 tu. Swali linalotaka majibu yote kati ya 0 na 720, ambayo ni 30, 150, 390 na 510, litakuwa limejibiwa robo, na kioo hakitaonyesha dalili yoyote ya upungufu huo.

Kazi ya kupunguza pembe kubwa nayo inabaki kwa mtumiaji. Kwa 1000, unagawanya kwa 360, unapata 2.78 hivi, unaondoa mizunguko 2 kamili na kubaki na 280. Kwa hasi 1000, wengi huongeza mizunguko 2 vilevile na kuishia hasi 280, ilhali anayetaka pembe chanya hana budi kuongeza 3 ili apate 80.

Kuhusu radiani, kipimo kingine cha pembe badala ya nyuzi, ambako mzunguko mmoja ni 2π, angalia tu kifaa kimewekwa katika kipimo gani, kwani sini ya 30 huko ni takriban hasi 0.988.

Kwa somo hili nakipa alama 3 kati ya 5, na ningependa kitolewe mkobani baada ya mwanafunzi kuchora duara kwa mkono wake na kulizunguka mara mbili tatu kwa ncha ya penseli.