Klomifeni au letrozoli kwa mwenye PCOS (tatizo la homoni kuvurugika kwenye ovari) anayetafuta mtoto

Mdogo wangu wa pale Mwanga, Kigoma, alirudi toka duka la dawa na vidonge vya klomifeni kwenye kikaratasi cha kaki, hajapimwa chochote, kaambiwa tu meza siku tano utashika. Jamani.

Klomifeni na letrozoli zote mbili kazi yake moja, kusukuma yai lipevuke na litoke, maana ukiwa na PCOS yai linakwama njiani ndo mana hedhi inaruka miezi. Klomifeni ni ya zamani, inaudanganya ubongo uone estrojeni (homoni ya kike) imepungua, ila kwa wengine inafanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba, na uwezekano wa mapacha unapanda. Letrozoli kiasili ni dawa ya saratani ya matiti, kwa hiyo usishtuke ukisoma karatasi ya kwenye boksi, yenyewe inashusha estrojeni kwelikweli kwa siku chache alafu inatoka mwilini haraka. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulichukua wanawake 750 wenye PCOS: waliojifungua mtoto hai kwa letrozoli ni 27.5%, klomifeni 19.1%. Mi ningeanza na letrozoli, sioni ubishi.

Yoyote utakayopewa inamezwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, kwanza daktari ahakikishe huna mimba, na mume akapimwe mbegu (hapo ndo utasikia kaitwa ghafla ziwani kuvua migebuka). Kama uzito umezidi, ukipunguza hata 5% inasaidia yai. Sijasema uache ugali wa muhogo, punguza tonge.