Mega 20, 50 au 100? Nimekaa nazo zote, haya ndiyo niliyoyaona

Habari za saa hizi, karibuni sana. Leo tuko sebuleni kwangu hapa Tabata, na huko nyuma yangu, juu ya dirisha, mnakiona kile kiboksi cheupe cha faiba, yaani intaneti ya nyumbani inayokuja kwa waya. Nimekaa mwezi mzima na kifurushi cha mega 20, mwezi mwingine mega 50, na huu uliokwisha juzi mega 100. Nimelipa kwa hela yangu, hakuna kampuni iliyonituma, na jina la kampuni sitalitaja kwa sababu ninachotaka kuwaambia kitawafaa hata mkiwa na kampuni nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo mega. Kampuni inauza megabiti kwa sekunde. Simu yako ikipakua faili inakuonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo mega 20 ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Ukiona simu inaandika 2.3, hujaibiwa, umepewa chako. Jirani yangu mmoja aligombana na fundi wiki nzima kwa jambo hilihili, na fundi wa watu hakuwa na kosa.

Sasa nyumba inakula kiasi gani? Chukua kwangu, saa mbili usiku. Runinga ya sebuleni iko kwenye taarifa ya habari ya YouTube. Mke wangu yuko chumbani kwenye kikao cha Zoom. Watoto wawili wako kwenye simu zao, video fupi fupi. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD kamili inataka mega 5, na ile ya 4K, iliyo kali zaidi, inataka mega 15. Kikao cha Zoom cha watu wengi kinataka kama mega 3 hadi 4 kikiwa kwenye ubora wa juu kabisa. Jumlisha zote, kwangu mega 20 zinatosha na chenji inabaki. Hesabu inabadilika ukiwa na runinga mbili za 4K zinazowaka pamoja. Hapo 20 ni kidogo, chukua 50 bila kusita.

Lakini kwangu, pamoja na hesabu hiyo, kikao cha mke wangu kilikuwa kinagandaganda kila jioni. Ndiyo maana nilipanda hadi 50, halafu 100. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo hela za watu wengi zinapopotea.

Nilipokuwa na mega 20, sebuleni napima 19, chumbani napata 5 au 6. Nikalipia mega 100. Sebuleni 92, nikafurahi kweli. Nikaenda chumbani: 8! Bili imepanda zaidi ya mara mbili, na pale kitandani nimeongezewa mega mbili au tatu tu. Intaneti ilikuwa inafika nyumbani vizuri kabisa, ila ilikuwa haivuki ukuta. Kati ya ruta, yaani kile kiboksi kinachorusha waifai, na chumba kuna kuta mbili za tofali za saruji, kuna nguzo ya zege yenye nondo, na friji imesimama katikati ya njia. Ruta hurusha waifai kwa masafa mawili. Ya 5 GHz ina kasi lakini ikikutana na zege inakata tamaa mapema. Ya 2.4 GHz inapenya zaidi, lakini ni ya polepole, na huku mitaani kwetu kila nyumba inaitumia, zinagongana.

Fundi alipokuja kufunga aliweka kiboksi pale dirishani kwa sababu ndipo waya unapoingilia. Simlaumu, ana nyumba nyingine sita za kwenda siku hiyo. Lakini wewe mwenye nyumba simama naye kabla hajatoboa ukuta, mwambie unataka ruta ikae katikati ya nyumba. Mimi sikusema. Nimekuja kununua waya wa neti wa mita 15, nikaupitisha juu ya mlango, nikaweka ruta ya pili koridoni. Hiyo ruta ya pili kabla hujainunua tazama matundu yake ya waya: zipo za bei rahisi ambazo mwisho wake ni mega 100, hata ulipie 200.

Baada ya hapo nikaomba kampuni inirudishe mega 20 kwa siku chache nipime. Chumbani: 18. Kikao hakikuganda tena.

Je, mega nyingi hazina maana? Zina maana kwa anayepakia, yaani anayetuma mafaili makubwa mtandaoni. Video kama hii ina gigabaiti 4. Kwa mega 20 za kupakia inakwenda karibu dakika 27, kwa 50 ni kama dakika 11. Ila uliza kabla ya kusaini, kasi ya kupakia ni ngapi? Zipo kampuni zinazotoa sawa kwa sawa, zipo zinazotoa kidogo upande huo, na kwenye tangazo hawaandiki. Mwenye kamera za ulinzi zinazotuma picha mtandaoni saa 24 naye aulize hivyohivyo.

Na yapo ambayo kifurushi hakiyatibu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti kutoka nje, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani tukaishi kwa shida siku kadhaa. Pale mwenye 20 na mwenye 100 walikuwa sawa. Umeme nao ukikatika, kiboksi kinazima. UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inakushikilia saa kadhaa; soma volti kwenye chaja yako kwanza, nyingi ni 12, lakini si zote.

Mimi nimebaki na 50, kwa sababu ya kupakia hizi video. Nisingekuwa na kazi hii ningelala na 20.

Kwako fanya hivi leo usiku, saa mbili, wote wakiwa nyumbani: chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, pima. Kisha nenda chumba cha mwisho, pima kwa waifai. Niandikieni namba zote mbili hapo chini, na ukuta wenu ni wa nini, nitazisoma moja moja.