Feeling Good cha David Burns: ukikisoma bila kalamu umepoteza hela

Vitabu vingi vya kujiendeleza vinavyopangwa kando ya barabara Dar na Nairobi vinasomeka kwa raha, ila ukiviuliza ufanye nini kesho saa mbili asubuhi, vinanyamaza. Hiki, cha kupambana na sonona (huzuni nzito isiyoondoka), nakipa nyota 4 kati ya 5 kwa sababu kina kazi za kufanya. Maelezo yanayozizunguka kazi hizo ungeyapunguza nusu na usikose kitu.

Burns ni daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na kitabu kilitoka 1980. Msingi wake ni tiba ya fikra ya Aaron Beck wa University of Pennsylvania. Beck aliona kwamba nyuma ya huzuni nzito kuna sentensi fupi fupi zinazopita kichwani, na sentensi hizo zinaweza kuandikwa, kukaguliwa na kujibiwa. Toleo la 1999 lina kurasa zaidi ya 700, lakini usitishike. Sura za mwisho ni za dawa za sonona. Zimezeeka, na habari za dawa mwulize daktari wako. Ziruke.

Anzia sura ya 2, kwenye kipimo cha sonona cha maswali 25. Kila swali lina alama 0 hadi 4, kwa hiyo jumla haizidi 100. Kijaze mara moja kwa wiki, siku ileile, na namba uiandike nyuma ya daftari. Wengi huliruka hili. Bila namba, siku mbaya moja itakushawishi kwamba kitabu hakifai, na siku nzuri moja kwamba umeshapona. Sura ya 3 ina orodha ya aina 10 za fikra potofu. Inakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, maana utairudia kila siku.

Moyo wa kitabu ni jedwali la safu tatu la sura ya 4: wazo lililopita kichwani, aina ya upotofu wake, na jibu. Linaonekana jepesi. Tumchukue fundi cherehani aliyemtumia mteja picha ya gauni. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Anafungua daftari na kuandika "Najisikia vibaya". Zoezi limeshaharibika hapo, kwa sababu hisia haijibiki: ni kweli anajisikia vibaya, utabisha nini? Ajiulize ni maneno gani yaliyopita kichwani kabla ya ile hisia. "Hajalipenda. Atawasimulia wenzake. Mimi si fundi lolote." Sasa ana sentensi tatu, na kila moja inapewa mstari wake. Safu ya kati inajazwa kwa kuitazama ile orodha: kusoma mawazo ya mtu, kutabiri mabaya, kujibandika jina.

Safu ya tatu ndipo watu wanapokwama. Wanaandika "Mungu yupo, yatapita". Ni maneno mazuri, ila hayajibu shtaka. Jibu linatakiwa kuwa na ushahidi, na aliyeliandika aliamini: "Ameona picha saa nne akiwa kazini. Gauni la Idi alikaa siku mbili ndipo akajibu, na alilipa. Kama hajalipenda, kiuno kinarekebishika." Kabla ya kuanza, andika uzito wa hisia kwa asilimia, kisha upime tena ukimaliza. Ikiwa ilikuwa 80 na imebaki 75, jibu lako hujaliamini, au wazo linalouma hasa hujaliandika bado, chimba tena. Ikishuka hadi 40, funga daftari. Hakuna anayekudai sifuri. Dakika 15 kwa siku zinatosha, mradi ni kwenye karatasi. Ukifanya kichwani, wazo na jibu vinazungushana tu hadi usingizi ukuruke.

Mtu aliye chini kabisa, yule ambaye hata kuoga ni mlima, sishauri aanze na safu tatu. Hana nguvu za kubishana na mawazo yake. Aende sura ya 5, kwenye ratiba ya saa kwa saa na jedwali la kutabiri raha. Kabla ya kufanya jambo, anaandika anatarajia kuridhika kwa asilimia ngapi; akimaliza, anaandika alichokipata. Mwenye sonona hutabiri 10 kwa kila kitu, kisha matembezi ya kwenda gengeni yanampa 40. Kwangu mimi hiyo ndiyo karatasi bora kuliko zote kitabuni.

Je, kuna uthibitisho? Mwaka 1995 Jamison na Scogin walichapisha utafiti wa watu wazima 80 wenye sonona huko Marekani, ambapo wasomaji walipewa wiki 4 kukimaliza kitabu hiki. Waliokisoma walipata nafuu kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao. Ila wauza vitabu hawakuambii kwamba washiriki walikuwa wakipigiwa simu fupi kila wiki. Haikuwa simu ya ushauri, lakini mtu anayejua ataulizwa amefika wapi hukifungua kitabu. Basi tafuta ndugu au rafiki wa kukuuliza hivyo.

Kinachochosha ni yale mazungumzo marefu ya daktari na mgonjwa, ambayo daktari hushinda kila mara. Upungufu mkubwa ni mwingine: kitabu kimeundwa kwa fikra zilizopotoka, na "Sina kodi ya mwezi huu" huenda ni ukweli mtupu. Usiijazie safu tatu sentensi ya namna hiyo. Tumia jedwali la kuvunja uvivu, lile la kukatakata kazi vipande vidogo: kumpigia mwenye nyumba, kuomba wiki mbili, kuorodhesha wanaokudai na unaowadai. Na anayewaza kujiua aende hospitali kwanza, kama mwandishi mwenyewe anavyosisitiza.

Kiingereza chake si kigumu. Safu zako lakini zijaze kwa lugha unayojigombeza nayo, iwe Kiswahili au Kisukuma, maana wazo likishatafsiriwa linapoa na haliumi tena. Kuhusu nakala: za kurudufiwa mara nyingi majedwali yamefifia, na PDF kwenye simu huyabana yasisomeke. Ya mtumba ni nafuu, ila kagua sura ya 2 na ya 4 kabla ya kulipa, usije ukauziwa majibu ya mtu mwingine.