Bitwarden: daftari la nywila lisiloachwa kaunta

Hapa steshenari kwangu, Mwanza, nywila ni nyingi kuliko kichwa changu: barua pepe, benki, TRA. Zote nazitunza kwenye Bitwarden, programu ya kuhifadhi nywila, bure, kwenye simu na kompyuta. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kila nywila imefungamana na anwani ya tovuti yake. Ukifungua ukurasa bandia uliofanana na wa benki hata rangi, programu haikuletei nywila ya kujaza. Hapo ujue kuna jambo. Kijana wangu wa kaunta anasema inamchelewesha. Atazoea. Ila nywila kuu, ile inayofungua Bitwarden yenyewe, ukiisahau, kampuni haina namna ya kukurudishia. Yangu nimeiandika karatasini, imefungiwa nyumbani pamoja na hati ya kiwanja. Toleo la kulipia bado sijalihitaji.